Shangazi Hapumziki Ukutani

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kubwa ya zamani, ya petroli, silinda sita mstari mmoja, yenye rangi ya kijani pale tu ambapo kutu ilikuwa haijafika. Nyuma ilifungwa nguzo ya chuma yenye winchi na ndoano ya kuvutia magari mabovu. Mtaa mzima uliiita Shangazi, maana ukipata matatizo ndiye anayekuja, anakuja na kelele, na akishafika huna la kumwambia mpaka amalize. Siku zisizo na kuvuta alikuwa gari la nyumbani: anapeleka watu hospitali, anabeba mchanga, anakwenda sokoni.

Shemeji yangu, fundi makanika aliyemwoa mdogo wangu wa mwisho, ndiye aliyemleta Shangazi mjini wakiwa bado vijana, yeye na gari wote wawili. Alifanya naye kazi mpaka siku alipofariki. Aliacha gereji kule bondeni, mashine ya kukereza vyuma, mjane, watoto wawili na Shangazi. Habari zilinikuta mbali, kama kawaida yangu, nikafika viti vya kukodi vimesharudishwa. Nikamwambia mdogo wangu nitakaa kidogo. Kidogo kile kikarefuka, kwa sababu hakuna aliyenifukuza na kikombe changu nilikuja nacho.

Mtoto wa kwanza ni mwanamume, ana gereji yake upande wa pili wa mji. Watu wanamwita Dizeli, kwa kuwa machoni pake petroli ni kitu cha kuoshea mikono. Wa pili ni binti. Yeye ndiye aliyebaki na gereji ya baba, akarithi spana, ovaroli, wateja na hata jina. Wateja walikuwa wamezoea kuuliza mlangoni, "Fundi yupo?" Wakaendelea kuuliza hivyohivyo, akawa anatoka yeye.

Ugomvi wa ndugu hawa ulikuwa mmoja, nao ulikuwa chini ya boneti ya Shangazi.

"Mama," Dizeli alisema siku moja tukinywa chai uani, "nina injini nimeitoa kwenye basi dogo lililopinduka. Nzima kabisa, iko chini inakula vumbi. Nipeni Shangazi nimtoe hiyo takataka, nimfunge kitu."

"Injini ya baba haitoki," Fundi akasema bila kuinua macho kwenye kikombe.

"Siyo ya baba, ni ya kiwanda."

"Baba ameifungua na kuifunga mpaka nati zinamjua mkono."

"Ndiyo maana zimelegea."

Mdogo wangu akaweka birika chini. Ni mwanamke mfupi, hapandishi sauti. Akitaka mnyamaze, anaweka kitu chini tu.

"Mwenye kiwanja cha bondeni anataka kiwanja chake ajenge," alisema. "Tunahamia juu, kwenye banda la barabara kuu. Vitu vyote vitapanda kwa mkokoteni, isipokuwa ile mashine ya kukereza. Baba yenu aliishusha kwa Shangazi, basi na itapanda kwa Shangazi. Akiipandisha bila kusimama ukutani, injini inabaki, na wewe kaka mtu sitaki kusikia neno dizeli mezani kwangu. Akisimama, kaka yako anafunga yake, na wewe binti yangu sitaki kusikia neno baba."

"Sawa, mama," wakajibu wote wawili, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Hapo ukutani ni lazima nipaeleze. Kutoka bondeni mpaka barabara kuu ni mlima mmoja, mwembamba, wa lami iliyochakaa. Katikati yake kuna ukuta wa matofali wa nyumba ambayo mwenyewe aliianza akaishia hapo. Shemeji akiwa na gari ndoanoni, kila safari alisimama pale. Shangazi alikuwa anachemka. Shemeji anafungua boneti, anaweka jiwe kwenye tairi, anaketi ukutani, na muuza chai aliyejiwekea meza pale kwa ajili yake anamimina. Mshale wa joto ukishuka, safari inaendelea. Wateja walijua. Mtu ambaye gari lake limekufa alikuwa anauliza kabisa, "Chai ya ukutani nalipa mimi au wewe?" Hakuna aliyeona ni ugonjwa. Gari zee linapumzika, mwenye gari naye ni mtu mzima, kuna ubaya gani?

Lakini mashine ya kukereza ni kitu kingine. Ile ni tani za chuma juu ya tela lisilo na breki. Ukisimama nayo katikati ya mlima, hutaondoka tena. Klachi itaungua ukijaribu kung'oa, au tela litakuvuta mrudi wote bondeni. Kwa hiyo sharti la mdogo wangu halikuwa ukali wa mama tu. Ukisimama, umeshindwa kweli.

Fundi hakupoteza muda. Alimvua Shangazi boneti akaiegemeza kwenye mlango wa choo, akaanza.

Alinipeleka kwa muuza vipuri nikamsaidie kubeba. Alitaka kemshafti, ule mhimili unaofungua na kufunga valvu, kwa sababu wa zamani ulikuwa umelika migongo. Muuza vipuri alimtolea mmoja unaong'aa, akaupapasa kama anauza kitambaa.

"Huu, dada yangu, gari litaruka."

"Na ninayemvuta atabaki wapi?"

"Hutaki mbio?"

"Mbio za kwenda wapi na gari bovu mgongoni? Nataka nguvu ya chini. Gari likiwa linatambaa, hapo ndipo linapong'oa mzigo. Nipe ule ulioinuka kidogo tu."

Yule bwana akaurudisha ule mwingine kwenye kasha lake kwa huzuni.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kwa kila kitu: kidogo tu. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, alipeleka ikanyolewa unene wa ukucha, ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe vizuri zaidi. Njia za hewa alizisugua kwa msasa, hakuzipanua, aliondoa kingo na makovu ya kiwandani. Kabureta aliisafisha juu ya sinia la mama yake, na sinia lile halikurudi jikoni tena. Ekzosi ya zamani ilikuwa nyembamba na imekunjika mahali fulani kama goti la mzee. Mchomeleaji wa jirani akamtengenezea nyingine ya bomba pana kidogo, isiyo na mikunjo mingi. Shangazi akaacha kukohoa, akaanza kunguruma.

Kazi yangu mimi ilikuwa kushika taa na kutoa mifano. Nimepanda malori ya nchi nyingi, nimelala juu ya mizigo ya kila namna, kwa hiyo sikosi mfano. Fundi alinisikiliza kwa heshima. "Mjomba, taa," alikuwa anasema, maana hadithi ikipinda, na taa inapinda nayo.

Mwisho akafunga kile kikombe cha chuma kilicho juu ya hedi, ambamo maji ya moto hutoka kwenda kupoa kwenye rejeta. Akakaza bolti mbili. Ndani ya kikombe hamkuwa na kitu, na wala hakuwaza. Hakuna gari lililowahi kutoka kwenye gereji ile na themostati ndani yake.

Themostati ni kidude cha shaba kinachoenea kiganjani. Kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Shemeji alikuwa na msimamo wake: nchi yenyewe hii ina joto, cha kuzuia ni nini? Kila gari lililoingia kwake, hata lililokuja kuzibwa pancha, liliacha themostati. Alizitunga kwenye waya juu ya benchi la kazi, na waya ule ulitoka dirishani ukafika mlangoni, umejaa. Mteja mgeni akiuliza, alijibu, "Hao ni wagonjwa waliopona." Fundi alijua kutoa themostati kabla hajajua kuendesha baiskeli. Na siyo wao peke yao. Mafundi wote wa mji ule walikuwa hivyo, wengi walijifunza kwa shemeji.

Shangazi akaingia mtaani. Alilitoa gari la mkate mtaroni kwa mwendo wa konokono, bila kuhema, mwenye gari la mkate akabaki amesimama na tai yake shingoni. Dizeli alikuja kuchungulia. Alisikiliza injini, akakuna shingo.

"Imetulia," akasema. Kwa Dizeli hiyo ni hotuba. Kisha akainama dirishani. "Ila mbona mshale wa joto hauinuki?"

"Ndiyo vizuri."

"Iko baridi mno. Inakunywa petroli bure."

"Wivu huo, kaka."

Tukajaribu mlima. Kwenye tela tulipakia vyuma chakavu mpaka matairi yakabonyea. Shangazi alianza kupanda kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwake, na mimi nikaanza kuimba. Nilikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza mshale ulipoanza kutembea. Ulipita katikati, ukaendelea. Hatujafika hata ukutani, mvuke ukatoka. Tulijikokota mpaka pale kwa mazoea tu, na muuza chai alikuwa ameshamimina vikombe viwili.

"Poleni," alisema. "Leo mmewahi."

Jioni Dizeli alikuja kula kwa mama yake, na hakuficha meno.

"Umeongeza nguvu, umeongeza moto, rejeta ni ileile. Hesabu ndogo sana hiyo."

Fundi akaendelea kula. Kesho yake akaipeleka rejeta kwa fundi wa rejeta. Yule bwana akaifungua, akaiangalia kwenye jua, akasema ni safi, hana cha kufanya. Mimi nikashauri feni kubwa zaidi, nikatoa na mfano wa lori moja la mbao. Ushauri wangu ulipokewa vizuri na kuwekwa pembeni. Tukajaribu tena mlima. Tukachemka tena, palepale.

Siku ile Fundi hakuketi ukutani. Alifungua boneti akasimama akiitazama injini kama mtu anayemtazama mtoto aliyemdanganya. Kisha akaanza kupapasa. Mfuniko wa rejeta hakuugusa, anajua unavyounguza uso. Alishika mpira mkubwa wa juu kwa kitambaa, akautoa mkono haraka. Akashusha mkono kwenye rejeta yenyewe, katikati, halafu chini kabisa. Akauacha pale.

"Mjomba, njoo ushike hapa."

Nikashika. Ilikuwa vuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto.

"Injini inachemka," alisema, "na rejeta chini ni hivi. Ingekuwa imeshindwa kazi ingekuwa ya moto kote. Haijashindwa. Haijapewa kazi."

"Maji si yamo?"

"Yamo. Yanakwenda wapi?"

Kuna mpira mwingine mfupi, kama kidole gumba, unaotoka chini ya kile kikombe na kuingia kwenye pampu ya maji. Miaka yote hakuna aliyeujali, haukuwahi hata kupasuka. Fundi akaugusa kwa ncha ya kidole, akakipeleka kidole mdomoni.

"Haya maji yanaishia hapa hapa," akasema akiwa bado anakinyonya. "Maji yanatoka kwenye injini, yanapita njia ya mkato, yanarudi kwenye injini. Gari likiwa jepesi, yale machache yanayofika kwenye rejeta yanatosha, injini inabaki baridi. Tukiweka mzigo hayatoshi."

"Sasa hiyo njia ya mkato nani alitakiwa kuifunga?"

Fundi alifunga boneti. Alilipa chai ambayo hatukuinywa, akamgeuza Shangazi tukashuka.

Gereji ilikuwa imeshaanza kuwa tupu, sauti zinarudi kutoka kwenye kuta. Alipanda juu ya benchi, akafungua waya wa baba yake mwisho mmoja, akaanza kuzivua themostati moja moja, akizigeuza. Nyingi zilikuwa na kifuniko kimoja, juu. Akafika kwenye zile za magari ya ukoo wa Shangazi. Hizo zilikuwa na kifuniko juu na kisahani kingine kidogo chini, kwenye springi.

Alikaa pale juu ya benchi miguu ikining'inia, akikizungusha kile kidude, muda mrefu. Niliweka taa chini. Hata mimi najua wakati wa kutotoa mfano.

Alitaka kwanza kununua mpya. Muuza vipuri alicheka mpaka akashika kaunta. Themostati? Hajaagiza tangu afungue duka. Nani anaiuliza? Kila fundi mjini anaitoa anatupa. Tukazunguka maduka mengine, jibu lile lile, kicheko tofauti. Ndipo tukarudi nyumbani na zile nne za ukoo wa Shangazi kwenye mfuko wa ovaroli, na Fundi akateka sufuria jikoni bila kuomba.

Mama yake aliingia akakuta maji yanachemka na shaba inagonga chini.

"Mnapika nini?"

"Themostati, mama."

"Zinaliwa na nini?"

"Na subira," nikasema mimi.

Dizeli alitokea mlangoni wakati huohuo, pua mbele. Harufu haikuwa aliyoitarajia, lakini alibaki. Tukaizunguka sufuria watu wanne. Themostati ya kwanza haikutikisika. Ya pili vilevile, imekufa. Ya tatu ilifunguka upande ikabaki imepinda mdomo. Ya nne ilikaa, ikakaa, mpaka mdogo wangu akasema gesi yake inaisha. Kisha kifuniko cha juu kikainuka taratibu, na kile kisahani cha chini kikashuka, vyote kwa pamoja.

"Umeona?" Fundi akaniuliza, sauti imekwenda chini. "Ikifungua mlango mkubwa wa kwenda kwenye rejeta, inafunga mlango mdogo. Ndiyo inayofunga. Sisi tumeitoa, mlango mdogo uko wazi maisha yote."

Nikamwelewa. Miaka yote alikuwa anaitetea injini ile ibaki kama baba alivyoiacha. Sasa kuitetea kulimaanisha kurekebisha mahali ambapo mkono wa baba mwenyewe ulipita.

"Kwa hiyo baba alikuwa anayachemsha magari ya watu," alisema.

"Alikuwa anayaponya," mama yake akajibu. Akazima jiko. "Nyie hamkumbuki, mlikuwa wadogo. Bondeni hapakuwa na bomba. Maji ya gereji na ya nyumbani tulichota kisima kimoja, ya chumvi. Sufuria zangu zote ziliota ukoko mweupe, nilikuwa naugonga kwa kijiko. Na vile vidude vikawa vinaganda kwa ukoko uleule, vimefunga, injini za watu zinaungua. Akaanza kuvitoa, watu wakapona kweli. Halafu bomba likaja."

"Yeye akaendelea kuvitoa."

"Akaendelea."

"Na wewe hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mimi nilijua sufuria, yeye alijua magari." Akaichungulia sufuria yenyewe. "Na hii sitaipikia tena, ichukueni."

Fundi aliichota themostati kwa kijiko, akaipuliza, akaifuta kwenye paja la ovaroli. Dizeli alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungempa Shangazi.

"Hapo pembeni pana katundu kadogo," akasema. "Kakae juu unapofunga. Ukikageuzia chini hewa itanaswa, utachemka upya na hutajua kwa nini."

Dada yake alimtazama.

"Asante, kaka."

"Sijasema nakusaidia. Nimesema katundu."

Fundi akaifunga mwenyewe, asubuhi, mlango wazi. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia maji yasivuje, aliikata kwenye boksi la sabuni, akaipaka grisi. Rejeta akaijaza maji ya dukani yasiyo na chumvi, chupa kwa chupa. Mimi taa sikuipinda.

Siku ya kuhama, mashine ya kukereza ilitolewa gerejini kwa magogo na mikono ya mafundi wote wa jirani, ikapandishwa kwenye tela kwa winchi ya Shangazi, ikafungwa minyororo mpaka haikuonekana rangi yake. Tela lilinung'unika likatulia. Fundi akashika usukani, mimi nikapanda upande wa pili, kwa kuwa nilisema nina uzoefu. Dizeli alitembea nyuma ya tela na kabari la mti begani. Tukisimama, yeye ndiye wa kulitupa chini ya tairi kabla mzigo haujaturudisha. Ilikuwa kazi ya mtu unayemwamini, na dada yake ndiye aliyemchagua.

"Kaka," alimwambia kupitia dirishani, "ukilitupa mapema hatutasema ni bahati mbaya."

"Nikilichelewesha hutasema kitu kabisa. Endesha."

Shangazi akaanza kupanda. Gia ya kwanza, mguu haukandamizi, injini inanguruma chini kwa chini, kila tairi linajua linakokwenda. Watu walitoka milangoni. Watoto walitembea pembeni, maana tulikuwa wa polepole kuliko wao. Mimi sikuimba. Nilikuwa naangalia mshale.

Mshale uliamka mapema zaidi ya nilivyouzoea. Ukapanda ukafika katikati, ukapita katikati. Nikamtazama Fundi, yeye anatazama njia. Jasho jembamba lilikuwa linamtembea shingoni. Ukuta wa matofali ukaonekana mbele, na mshale nao ulikuwa umefika mahali pale pale ambapo siku zote mvuke hutoka.

"Mjomba, sema."

"Uko juu."

"Juu unapanda, au juu umekaa?"

Nikauangalia vizuri. Niliufuta vumbi kwa kidole, labda vumbi ndilo linalonidanganya.

"Unapanda," nikasema. Kisha, "Subiri." Kisha, "Umekaa."

Muuza chai alikuwa ameshainuka, birika mkononi, kikombe cha kwanza nusu. Alipoona hatupunguzi mwendo alisogea barabarani kidogo, kama mtu anayefikiri labda hatukumwona. Tulimpita karibu kiasi kwamba niliisikia harufu ya tangawizi. Alibaki ameinua birika, na mshale, mbele ya macho yangu, ukashuka unene wa uzi, kisha uzi mwingine.

"Unashuka," nikasema.

Mlango mkubwa ulikuwa umefunguka. Fundi alikohoa tu, akabana usukani.

Mdogo wangu alikuwa ametangulia kupanda kwa miguu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda jipya, mkoba mapajani. Shangazi aliingia uwanjani na tela lake, akasimama. Dizeli akafika akihema, kabari bado liko begani, akalitupa chini ya tairi kwa mara ya kwanza.

"Umelitumia njiani?" mama yake akamuuliza.

Dizeli akapangusa uso kwa mkono. "Hapana."

"Basi."

"Lakini klachi inanuka, mama. Hata wewe unaisikia."

"Klachi hatukuiwekea sharti."

Dizeli akacheka, hakuwa na jinsi. Akapiga kofi bodi ya Shangazi, si kwa nguvu. "Ile yangu nitamfungia mtu mwingine," akasema. "Haya, mashine inashukaje hapa? Mmefikiria kuipandisha tu?"

Hatukuwa tumefikiria. Ilituchukua mpaka mchana kuishusha.

Kilichobaki bondeni ni vitu vidogo: ngazi, pipa la oili chafu, benchi lililokataa kutoka mlangoni, na waya. Tulirudi mimi na Fundi kuvifuata. Nilifikiri atauacha ule waya, au atauza shaba kwa chakavu. Aliuzungusha kama kamba ya nguo, themostati zikigongana, akauweka kwenye kiti katikati yetu.

"Utautundika kule?"

"Nitautundika. Ni wagonjwa wake." Akawasha gari. "Wa kwangu hawatatundikwa."

Tulipofika katikati ya mlima, gari halina mzigo wa maana, mshale uko katikati, umetulia, Fundi akakanyaga breki akasimama ukutani. Akazima injini. Muuza chai alikuja haraka akichungulia boneti.

"Amechemka?"

"Hajachemka."

"Sasa mmesimamia nini?"

Fundi alishuka, akachukua lile jiwe la miaka yote akaliweka kwenye tairi, akaketi juu ya matofali pale baba yake alipokuwa anaketi.

"Chai," akasema. "Vikombe viwili. Cha mjomba usijaze, ana mfano anataka kutoa."